Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyesema Ukweli Wake



Ni desturi ya kijitabu cha yubile kuwakumbuka waliotutangulia katika kuimba. Safari hii kamati imenikubalia niandike maisha ya mwimbaji ambaye hakuwa mwanakwaya wetu, wala hakuwa Mkenya. Ni Philly Lutaaya wa Uganda, aliyefariki mwaka 1989. Vijana wengi wa kwaya hawalijui jina lake. Lakini yeyote aliyewahi kukaa Kampala msimu wa Krismasi ameisikia sauti yake, hata kama hakuambiwa ni ya nani. Desemba ikiingia, nyimbo zake husikika madukani, redioni na ndani ya matatu.

Kijana wa Mengo

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951 huko Mengo, Kampala, jirani na vilima vya Namirembe na Rubaga, penye makanisa makuu ya Waanglikana na Wakatoliki. Alikua wakati miji ya Afrika Mashariki imejaa muziki. Rumba ilitoka Kongo, soul ilitoka Marekani kwa sahani za santuri, na vijana wakachanganya yote na midundo ya nyumbani. Aliimba na Cranes Band, bendi iliyotajika sana Kampala siku hizo. Baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo ndio walioanzisha Afrigo Band mwaka 1975.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu, na kazi ya muziki wa usiku ikawa ya hatari. Wanamuziki wengi wa Uganda walivuka mpaka kutafuta riziki, na baadhi yao wakapiga muziki katika hoteli za Nairobi. Lutaaya naye alizunguka na bendi mbalimbali, akafika Kenya na Kongo. Katikati ya miaka ya 1980, wakati nchi yao inateswa na vita, alihamia Stockholm, Sweden, ambako tayari kulikuwa na wanamuziki wenzake wa Uganda.

Nyimbo zake zinazopendwa zaidi

Huko ugenini kwenye baridi ndiko alikotoa kazi zake bora. Mara nyingi wa kwanza kutajwa ni Born in Africa. Ni wimbo wa Kiingereza wa mtu aliye mbali na kwao, anayejivunia mahali alipozaliwa. Ulifika Uganda wakati watu wamechoka na vita na wanataka kuanza upya, ukapendwa na wakubwa kwa watoto.

Pili ni albamu yake ya Krismasi, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa kwaya. Humo mna Zukuka, maana yake amka, na Tumusinze, yaani tumwabudu. Mna pia Sekukkulu, ambalo ni jina la Krismasi kwa Kiganda. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila kutabasamu, kwa kuwa ni sikukuu yetu iliyovuka mpaka na kubadilisha matamshi. Nyimbo hizo ni rahisi kwa maana nzuri ya neno hilo. Kiitikio ni kifupi na mdundo unaeleweka, hivyo mtu aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza anaweza kuitikia kabla wimbo haujaisha. Wapo watunzi wengi wanaojua kuandika wimbo mgumu. Wimbo ambao mkutano wote utauimba bila karatasi ni kazi ya wachache.

Wa tatu ni Alone. Huo hatuwezi kuueleza bila kueleza kwanza mambo ya mwaka 1989.

Aprili 1989

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa Uganda mwaka 1982 katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria. Watu waliuita slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alithibitishwa mwaka 1984. Serikali ya Uganda ilianza kuuzungumzia waziwazi mapema kuliko nyingi, na mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulikuwa bado hauna uso. Mtu alikufa, majirani wakasema amerogwa, au ni kifua, au ni malaria. Hakuna mtu maarufu aliyekuwa amesimama na kusema kwamba anao.

Aprili 1989 Philly Lutaaya alifanya hivyo. Alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, akawa Mganda maarufu wa kwanza kujitokeza. Alikuwa na miaka 37. Tukumbuke kwamba dawa za mseto tunazozijua leo zilianza kutumika mwaka 1996. Mtu aliyejitangaza mwaka 1989 hakuwa na tumaini la kupona wala la kuishi muda mrefu. Angeweza kubaki Sweden akauguzwa kimya, na mashabiki wake wangekumbuka nyimbo tu.

Wengi hawakumwamini. Wapo waliosema ni mbinu ya kujitafutia umaarufu na kuuza kaseti. Jibu walilipata kwa macho yao wenyewe. Lutaaya alizunguka mashuleni na makanisani, akisimama mbele ya wanafunzi na waumini kueleza ugonjwa wake na kuwasihi wajilinde. Kadiri miezi ilivyopita, watu walimwona akikonda. Filamu iliyoitwa Born in Africa, kama wimbo wake, ilionyesha safari hiyo ya miezi yake ya mwisho.

Wimbo wa Alone aliutoa akiwa katika hali hiyo. Unaanza na mtu aliye peke yake na hofu yake. Baadaye wimbo unageuka: mgonjwa anaacha kujilia mwenyewe na kuwaita wengine wote wasimame pamoja dhidi ya ugonjwa. Wanaofundisha sauti wanajua jinsi ilivyo vigumu kuimba huku koo limebanwa na huzuni. Yeye aliimba juu ya kifo chake mwenyewe, na sauti haikupotea.

Alifariki Kampala tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya Krismasi, katika msimu wa nyimbo zake mwenyewe. Alikuwa na miaka 38.

Kilichobaki baada yake

Uganda humkumbuka kila tarehe 17 Oktoba. Watu wanaoishi na virusi waliunda Philly Lutaaya Initiative, wakaendelea na kazi aliyoianza ya kwenda mashuleni na kusimulia habari zao bila kuficha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban watu wazima 15 katika kila 100 nchini humo walikuwa na virusi. Kufikia mwaka 2001 walikuwa wameshuka hadi karibu 5. Hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Walikuwepo madaktari, viongozi, makanisa, misikiti na wagonjwa wenyewe, na vifo vingi navyo vilipunguza hesabu. Hata hivyo, ukimya ulipaswa kuvunjwa na mtu fulani kwanza, na aliyeuvunja alikuwa mwimbaji.

Haya yanatuhusu nini sisi

Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka kumi baada ya Lutaaya kusema yake. Hiyo ilikuwa miaka migumu katika mitaa ya wafanyakazi kama yetu. Watu walikuja Thika na Ruiru kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi viwandani, wakapanga chumba Makongeni au Kiandutu, mbali na jamaa zao. Wengi waliupata undugu wao ndani ya kwaya.

Katika daftari la wanachama ninalolitunza, majina kadhaa ya miaka hiyo yana msalaba mdogo wa kalamu pembeni. Tanzia zilisema marehemu aliugua kwa muda, basi. Sitakisia mwenzetu yupi alikufa kwa nini, na tusianze kukisia leo. Nataja tu jambo ambalo wazee wa kwaya wamelisimulia zaidi ya mara moja: baadhi yao waliacha kuja mazoezini kabla hawajalemewa. Nguvu za kuimba walikuwa nazo bado. Walichohofia ni macho ya watu.

Siku hizi dawa zinatolewa bila malipo katika hospitali za umma. Anayezitumia vizuri anaishi miaka mingi, anafanya shifti zake, na anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Virusi vikipungua hadi kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Bado, wapo watu wa mji huu wanaopanda matatu kwenda kliniki ya mbali ili jirani asiwaone kwenye foleni. Dawa imepatikana, lakini aibu haijatibiwa, na hiyo hakuna daktari atakayetuandikia tembe zake.

Kwaya inaweza kusaidia hapo. Katika sehemu ya pili ya ratiba ya leo tutaimba Tumusinze kwa Kiganda chake. Msiogope lugha, kiitikio mtakishika mara moja. Tutakapokuwa tukiimba, tumkumbuke aliyetupa wimbo huo, na tuwakumbuke walioandikiwa msalaba pembeni. Na kama yupo mwenzetu aliyeacha kuja mazoezini kwa sababu ambayo hajamwambia mtu, ajue kwamba jina lake bado limo daftarini, na nafasi yake katika sauti yake haijapewa mwingine. Mazoezi yanaendelea kama kawaida. Karibu.

Katibu wa Kwaya