Mark Donohue: Injinia Aliyepoza Hewa ya Turbo, Akaweka Rekodi ya Dunia, Siku 10 Baadaye Akatuacha

Ukiona Subaru ya turbo imekupita Thika Road na lile tundu kubwa juu ya boneti, usidhani ni urembo tu. Chini ya hilo tundu kuna intakula, kitu kama rejeta ndogo ya alumini, na kazi yake ni moja: kupoza hewa iliyotoka kwa turbo kabla haijaingia kwa injini. Wasee wengi wakianza kuongeza ndai nguvu wanakimbilia turbo kubwa. Intakula wanaikumbuka pistoni ikishatoboka.

Basi leo story ni ya jamaa aliyejua hiyo siri kitambo, wazazi wa wengi wetu wakiwa bado watoto. Anaitwa Mark Donohue. Mmarekani, dereva, na injinia wa kusomea. Alikufa akiwa na miaka 38, siku 10 tu baada ya kuendesha gari kwa kasi ambayo hakuna mtu alikuwa amefikisha kwa kiwanja cha kuzunguka. Na gari yenyewe ingekufa mapema sana kama hewa yake isingepozwa.

Donohue alizaliwa New Jersey tarehe 18 Machi 1937. Hakuwa mtoto wa gereji. Alienda Chuo Kikuu cha Brown akasomea uhandisi wa mitambo, akamaliza 1959. Ni pale chuo alianza kushindana, na Corvette ya 1957 ya kwake mwenyewe. Kufikia 1961 alikuwa bingwa wa Marekani kwa madereva wa ridhaa, lakini maisha yalikuwa bado ni kazi ya ofisi Jumatatu hadi Ijumaa, racing wikendi.

Mtu aliyemshika mkono ni Walt Hansgen, dereva mzoefu aliyeona kipaji chake na kumvuta ndani ya mbio kubwa. Aprili 1966 Hansgen aligonga kwa majaribio ya Le mans kule Ufaransa, akafa. Baada ya mazishi, jamaa mmoja aliyekuwa ameacha kuendesha ili aanzishe timu yake akamwambia Donohue waongee. Huyo alikuwa Roger Penske. Hapo ndipo mambo yalianza kuchemka.

Penske alikuwa na akili ya biashara, Donohue akawa na akili ya gari. Alikuwa dereva ambaye akishuka kwa kiti hasemi tu gari ni mbaya. Alikaa chini na karatasi, akapima, akabadilisha kitu kimoja, akarudi barabarani, akapima tena. 1967 wakabeba ubingwa wa Marekani wa magari ya spoti na Lola T70, na 1968 wakaubeba tena na McLaren M6A. 1968 hiyo hiyo wakaingia Trans-Am na Chevrolet Camaro, na Donohue akashinda mbio 10 kati ya 13. Mashabiki walimpenda kwa sura ya upole na tabasamu la mwanafunzi, wapinzani nao walijua nyuma ya hilo tabasamu kuna mtu halali usiku akifikiria jinsi ya kuwapita. 1972 akashinda Indianapolis 500 na McLaren, wastani wa maili 162.962 kwa saa, karibu kilomita 262. Rekodi ya mbio hizo ilikaa hadi 1984. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Penske pale Indianapolis.

Lakini gari iliyomfanya tumwandike hapa ni Porsche.

Porsche walikuwa na 917, silinda 12, injini ya kupozwa na upepo badala ya maji. Walitaka kuingia Can-Am, mashindano ya Marekani Kaskazini ambayo sheria zilikuwa chache mpaka unashangaa. Ukubwa wa injini haukuwa na mwisho. Wamarekani walikuwa wanatumia V8 za zaidi ya lita 8. Wajerumani wakaamua hawatajenga injini kubwa hivyo, watafunga turbo. Wakampa Penske kazi ya kuendesha timu, na Donohue akaenda Ujerumani kusaidia kuiunda.

Alikuta mashine yenye wazimu. Ukikanyaga mafuta hakuna kitu, unangoja, unangoja, halafu nguvu zote zinakuja pamoja katikati ya kona. Ilikuwa kama swichi ya taa: imezima ama imewaka. Mafundi walikuwa wamejali sana nguvu za juu kwenye mashine ya kupimia injini, zile za chini hazikuwaumiza kichwa. Donohue ndiye aliyeng'ang'ania kwamba barabarani dereva hutumia mizunguko yote, na kwamba mafuta lazima yapimwe vizuri hata injini ikiwa imetulia. Walirudi kwa pampu ya mafuta wakaitengeneza upya, hatua kwa hatua, mpaka gari ikaanza kusikia mguu.

Julai 1972, akiifanyia majaribio Road Atlanta, bodi ya nyuma iling'oka kwa kasi. Gari ikaruka, ikasambaratika. Yeye akatoka hai ila goti likaharibika. George Follmer akaingizwa kwa kiti chake, na Follmer akabeba ubingwa wa mwaka huo. Fikiria umelea mtoto kutoka sifuri, halafu unamwona akipokea zawadi na mzazi mwingine, wewe uko na magongo. Ilimuuma sana.

1973 akarudi na 917/30. Hapo wapinzani walilia. Lita 5.4, turbo mbili, nguvu za farasi karibu 1,100 siku ya mbio. Mbio zilikuwa nane. Mbili za kwanza mambo yalimwendea kombo, halafu akashinda sita zilizobaki mfululizo. Ubingwa ukawa wake, na mashabiki wengine wakaanza kulalamika kwamba mashindano yamekosa ladha kwa sababu mshindi anajulikana kabla ya bendera. Kisha mgogoro wa mafuta ukaingia, sheria za 1974 zikabana matumizi ya petroli, na mnyama yule akakosa pa kukimbilia. Donohue naye akatangaza anastaafu.

Sasa hapa ndipo turudi kwa hewa.

Kama umewahi kujaza baiskeli upepo na pampu ya mkono, unajua ile pampu hupata moto pale chini. Hewa ikibanwa, inachemka. Turbo ni pampu hiyo hiyo, ila inazungushwa na moshi wa ekzosi kwa makumi ya maelfu ya mizunguko kila dakika. Chukua hewa ya nyuzi 30, ibane mara mbili na turbo ya kawaida, itatoka ikiwa karibu nyuzi 120. Hewa moto imetanuka, kwa hivyo oksijeni inayoingia kwa silinda ni kidogo kuliko ile ulidhani umelipia. Ukiipoza kutoka 120 hadi 60 bila kupoteza presha, unapata hewa zaidi kwa karibu asilimia 18. Hiyo ni nguvu ya bure, manze.

Nguvu ni nusu ya story tu. Ngori yenyewe ni kugonga. Hewa ikiingia moto sana, petroli haingoji mwako wa plagi ufike kila kona ya silinda. Sehemu yake inajilipukia kivyake, na mlipuko huo unapiga pistoni kama nyundo. Ukiachia kwa sekunde moja mbili injini inavumilia. Ukikanyaga na ukae hapo hapo, pistoni inayeyuka.

Kwa mbio za Can-Am 917/30 haikuwa na intakula, na ilitoboa. Sababu ni rahisi: barabara zile zina kona. Unakanyaga, unaachilia, unafunga breki, unakanyaga tena, na injini inapata nafasi ya kupumua. Lakini 1975 Penske na Donohue waliwaza kitu kingine kabisa. Walitaka kuichukua gari ile iliyokosa kazi, waipeleke kwa kiwanja cha mviringo, na waweke rekodi ya dunia. Aliyekuwa nayo ni A. J. Foyt, maili 217.854 kwa saa.

Kwenye mviringo wenye kuta zilizoinama hakuna kuachilia. Mguu uko chini mzunguko mzima. Majaribio yalionyesha mapema kwamba injini haitahimili joto hilo, na jibu la Porsche halikuwa kupunguza turbo. Waliifungia intakula. Teknolojia yenyewe tayari walikuwa nayo: 911 Carrera RSR Turbo iliyomaliza ya pili Le Mans 1974 ilikuwa nayo mgongoni. Hewa ikitoka kwa turbo sasa ilipitia kwanza kwa mapezi ya alumini, upepo wa nje unapiga, joto linabaki huko, ndipo iingie kwa silinda.

Tarehe 9 Agosti 1975, kiwanja cha Talladega, Alabama. Agosti kule ni jua la kuchoma na hewa nzito yenye unyevu, yaani siku mbaya kabisa ya kulisha injini ya turbo. Mzunguko mmoja ni maili 2.66, kama kilomita 4.3. Donohue aliumaliza kwa wastani wa maili 221.120 kwa saa, karibu kilomita 356. Huo ni wastani wa mzunguko mzima, kona ndani yake. Rekodi ya Foyt ikaanguka. Hii mpya ilidumu hadi 1979, Mercedes-Benz C111 ilipoivunja Nardò, Italia.

Kwangu mimi hiyo ndiyo mbio yake bora kuliko zote, na hakukuwa hata na mpinzani mmoja barabarani. Ilikuwa yeye, saa, na joto.

Tatizo ni kwamba wakati huo alikuwa amesharudi kwa mashindano. Kustaafu hakukumkalia. Mwishoni mwa 1974 aliingia Formula 1 na timu ya Penske, na gari yao haikuwa kali. Matokeo bora ya 1975 yalikuwa nafasi ya tano Sweden na Uingereza. Mtu aliyezoea kuongoza kila mahali sasa alikuwa anasukumana katikati ya msafara. Wangeweza kumwachia kijana. Hakuachia.

Tarehe 17 Agosti, siku nane baada ya Talladega, alikuwa Austria akipasha gari moto asubuhi ya mbio. Tairi ikapasuka kwa kona ya kasi. Gari ikaruka ukingo, na mmoja wa wasimamizi wa barabara aliyepigwa na mabaki akafa. Donohue mwenyewe alionekana ameponea. Aliongea na watu, akalalamika kichwa kinauma. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Hali ikabadilika, akapelekwa hospitali mjini Graz, akafanyiwa upasuaji, na tarehe 19 Agosti akafariki. Familia baadaye iliingia kortini juu ya ile tairi, na kesi ikavutana kwa miaka mingi kabla ya kumalizwa kwa makubaliano.

Intakula ile haikuzikwa naye. 1978 Porsche waliuza 911 Turbo mpya ya lita 3.3 kwa wateja wa kawaida, na chini ya bawa la nyuma kulikuwa na intakula. Nguvu zikatoka farasi 260 hadi 300, ingawa injini pia ilikuwa imeongezwa ukubwa. Siku hizi ni nadra kupata gari ya turbo kutoka kiwandani ambayo haina, iwe ni pikapu ya dizeli ama ile Subaru ya Thika Road. Ile ya Subaru ina shida yake: imekaa juu ya injini, kwa hivyo ukikwama kwa jam inachukua joto badala ya kulitoa. Ndio maana vijana wengine huihamisha mbele ya rejeta, ambapo upepo unaipata kwanza.

Donohue aliacha watoto. Mmoja, David, alikuwa na miaka minane baba akifa. Naye akawa dereva. Januari 2009 alikuwa kwa usukani mbio za saa 24 za Daytona zikielekea mwisho, gari yake ina injini ya Porsche, na mpinzani anamfuata kwa shingo. Akavuka mstari mbele kwa sekunde 0.167. Baba yake alikuwa ameshinda mbio hizo hizo 1969, miaka 40 kamili kabla.