Harry Ferguson: Fundi aliyeliunganisha trekta na jembe lake

Matrekta madogo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi za jirani mara nyingi husafiri peke yake. Jembe, haro na trela mnunuzi huvipata kwa muuzaji mwingine, pengine nchi nyingine kabisa. Hata hivyo, vikifika shambani kwa kawaida vinaingiliana. Jambo hilo tumelizoea, lakini halikuwapo zamani. Chanzo chake ni Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyefariki mwaka 1960.

Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mkulima, lakini kijana hakuipenda kazi ya shamba. Mwaka 1902 alijiunga na kaka yake Joe katika gereji ya magari na baiskeli mjini Belfast. Tarehe 31 Desemba 1909 aliruka kwa ndege aliyoitengeneza mwenyewe, akawa wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini nchini Ireland. Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya magari, na baadaye akaanza kuuza matrekta.

TREKTA LILILOUA DEREVA

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilikuwa shida na serikali ikampa kazi ya kuzunguka nchini kuangalia matrekta yanavyotumika. Alikwenda na fundi wake, William Sands. Waliyoyaona hayakuwafurahisha. Jembe zito lilikokotwa kwa mnyororo au ndoano kama mkokoteni. Likigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na trekta likaweza kupinduka na kumlalia dereva. Ili lisipinduke, watengenezaji waliongeza uzito, na uzito ukashindilia udongo na kula mafuta.

Ferguson aliona kwamba kosa liko kwenye kiungo. Badala ya kukokotwa, jembe liwe sehemu ya trekta lenyewe. Baada ya majaribio ya miaka mingi alipata mikono mitatu: miwili chini na mmoja juu. Jembe likikaza ardhini, mkono wa juu unasukuma mbele na kuizuia pua isinyanyuke, na uzito wa jembe unashuka kwenye magurudumu ya nyuma. Pampu ya oili, yaani haidroliki, inainua na kushusha jembe, na udongo ukiwa mgumu inalipunguza kina yenyewe. Hati miliki ya mfumo huo aliipata mwaka 1926. Kwa hiyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito.

KUPEANA MKONO NA FORD

Kuanzia mwaka 1936 matrekta yake yalitengenezwa Huddersfield, Uingereza, kwa ushirika na David Brown. Yalitoka takriban 1,350 tu, na washirika hawakuelewana. Oktoba 1938 Ferguson alipeleka trekta moja Marekani na kumwonyesha Henry Ford mwenyewe. Ford aliridhika papo hapo. Wakakubaliana kwamba Ford atatengeneza, Ferguson atauza. Walipeana mkono, basi. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Trekta lao la kwanza lilitoka mwaka 1939, na hadi mwaka 1947 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 300,000. Lakini mwaka 1945 Ford aliyezeeka alimwachia kampuni mjukuu wake, Henry Ford II. Mjukuu alipiga hesabu, akaona kampuni inapata hasara katika mpango ule. Mwaka 1947 akauvunja, akatoa trekta lake lenye mfumo uleule wa haidroliki na kuliuza kwa mawakala wake. Ferguson akabaki na kampuni ya kuuza huko Marekani isiyokuwa na matrekta ya kuuza.

Mwaka 1948 alifungua kesi akidai dola milioni 251. Kesi ilichukua miaka minne. Aprili 1952 walipatana nje ya hukumu, akalipwa dola milioni 9.25. Zilikuwa fedha nyingi, lakini hazikufika hata sehemu moja ya ishirini ya alichodai.

Kilichomwokoa ni Coventry, Uingereza, ambako kiwanda cha Standard kilianza mwaka 1946 kumtengenezea trekta dogo la rangi ya kijivu, TE20. Hadi mwaka 1956 yalitoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 aliiunganisha biashara yake na Massey-Harris ya Kanada. Walipotofautiana kwa dola milioni moja katika bei, walirusha sarafu hewani, na Ferguson akashindwa. Ndipo likaja jina Massey Ferguson ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1960 akiwa na miaka 75.

KIUNGO KILICHOBAKI

Hati miliki zilipokwisha muda, watengenezaji wengine waliichukua mikono mitatu, na vipimo vyake vikawa vya kimataifa. Matrekta madogo mengi ni ya daraja la kwanza: pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22, ya juu milimita 19. Daraja la pili ni milimita 28 na 25. Mfanyabiashara apime pini kabla ya kulipia jembe.

Kufunga ni rahisi ukifuata utaratibu. Anza na mkono wa chini wa kushoto, kisha wa kulia, ambao kwa kawaida hurekebishwa urefu, mwisho wa juu. Kama kifaa kina mipira ya oili, mfano trela la kumwaga mzigo, kishushe chini, zima injini, na sogeza levya mbele na nyuma ili presha itoke. Futa vumbi kwenye vichwa vya mipira, halafu sukuma hadi vishike. Vichwa hivyo vina aina zaidi ya moja, na visipofanana havitaingia hata ukivigonga. Usitafute uvujaji kwa kidole. Oili yenye presha hupenya ngozi na imewakata watu mikono. Tumia kipande cha boksi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ferguson alipima kila pini ya kiungo chake cha chuma, na kiungo hicho kinashika hadi leo. Kiungo chake na Ford hakukiandika, na kilikatika mara tu aliyempa mkono alipoondoka kwenye kiti. Anayevusha mzigo mpakani kwa neno la rafiki na alitafakari hilo kabla lori halijaondoka.