EULER, KIPOFU WA NAMBARI KUBWA

Mimi ni mkaazi wa Jericho, huku Eastlands. Mwaka jana macho yalianza kunisumbua, maandishi ya ubaoni yakawa kama siafu wanaotembea. Niliona haya kusema, ati nikivaa miwani nitaitwa macho manne. Nikajificha dawati la nyuma, na alama zangu za hisabati zikaporomoka. Ndipo nikayasoma maisha ya Leonhard Euler.

Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, mwaka wa 1707. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe amfuate, lakini kijana alizama katika hesabu. Akiwa na miaka 20 tu alifika St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi. Huko jicho lake la kulia likaharibika. Alihamia Berlin mwaka wa 1741, akarudi Urusi 1766, na jicho la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 nyumba yake ikateketea, akaokolewa na mtu kutoka kwao Basel.

Mtu angedhani amekwisha. Wapi! Mwaka wa 1772, akiwa karibu haoni kabisa, alieleza kuwa 2147483647 ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Utaipata hivi: andika 2 mara thelathini na moja, uzizidishe zote, kisha utoe 1. Kuihakiki kwa njia ya kawaida, ungejaribu maelfu ya nambari tasa hadi 46340. Euler aligundua kuwa nambari tasa inayoweza kuigawa, ikigawanywa kwa 248, lazima ibakize 1 au 63. Basi majaribio hayakufika hata 400, na hakuna lililofaulu. Ikawa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo.

Je, aliandikaje? Aliomba msaada! Alitamka, wanawe na wanafunzi wake wakaandika. Karibu nusu ya kazi zake zilitoka hivyo, mpaka alipofariki tarehe 18 Septemba, 1783.

Mficha uchi hazai. Nilimweleza mama, naye ameanza kuweka akiba ya miwani. Kwa sasa nakaa dawati la mbele, na rafiki yangu hunisomea ubao. Anayetaka kucheka, na acheke. Mimi nahesabu.