Walter Edwin Owen

Walter Edwin Owen (1878 – 1945) alikuwa kasisi na mmisionari Mwanglikana kutoka Uingereza aliyefanya kazi Uganda na Kenya. Anakumbukwa hasa kwa kutetea ardhi ya wenyeji wa Kavirondo, yaani upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, dhahabu ilipogunduliwa Kakamega.

Maisha

Alifika Uganda mwaka 1904. Mwaka 1918 akawa archidikoni wa Kavirondo, msimamizi wa makasisi chini ya askofu. Desemba 1921 vijana waliosoma Maseno, akiwemo Jonathan Okwiri, walianzisha chama kilichojulikana kama Piny Owacho, wakipinga kodi ya nyumba, kipande na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1923 Owen akawa rais wake, na kikageuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Alikipatia sauti iliyosikika hadi London, lakini pia alikipunguzia makali: wanachama walitakiwa kuchimba vyoo na kuua panya. Walowezi hata hivyo walimchukia, wakageuza cheo chake kuwa jina la utani lenye maana ya shetani mkuu.

Dhahabu ya Kakamega

Sheria ya mwaka 1930 iliwaahidi wenyeji kwamba ardhi za akiba zitakuwa zao milele. Sehemu ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, walipaswa kupewa ardhi nyingine ya thamani ileile, na baraza lao lishauriwe. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana, na Wazungu wengi wakakimbilia Kakamega, baadhi yao wakulima walioathiriwa na mdororo wa uchumi. Desemba 1932 serikali ilibadilisha sheria: fidia ya pesa ilitosha, na baraza halikuhitaji kuulizwa. Ile milele ilidumu miaka miwili tu.

Owen, aliyezoea kuyaandikia magazeti ya Uingereza, alipinga hatua hiyo. Mwaka 1933 suala lilijadiliwa katika Bunge la Malordi, ambako Lugard, aliyewahi kuwa gavana wa Nijeria, alikuwa miongoni mwa wakosoaji. Sheria haikurudishwa. Kwa mkulima, pesa hazikuwa mbadala wa shamba, kwa kuwa ndani ya akiba iliyojaa watu hakukuwa na ardhi ya kununua. Miaka hiyohiyo uchimbaji ulianza pia Geita, upande wa Mwanza.

Owen alikuwa pia mkusanyaji wa zana za mawe za kale.