RUDOLF DIESEL: JINA LILILOMO NDANI YA KILA LORI

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya viongozi, waandishi na mashujaa wa uhuru. Mimi mwaka huu nawaletea fundi. Jina lake tunalitaja hapa Korbesa kila lori linapoingia, lakini ukiuliza ni nani, wengi watakwambia ati hilo si jina la mtu, ni jina la mafuta. Sivyo, jamani. Dizeli alikuwa mtu. Alisoma kama sisi, akafaulu, akatajirika, akafilisika, na kifo chake mpaka leo ni fumbo.

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria, na baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris wakalazimika kufunga virago. Familia ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu, basi Rudolf, akiwa na miaka 12 tu, akatumwa Augsburg, Ujerumani, akalelewa na jamaa zake, ambao mzee wao alikuwa mwalimu wa hesabu. Kati yetu wako wengi walioacha wazazi kwenye malisho wakaenda kukaa kwa shangazi au ami ili wapate kusoma. Hao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana huyo alikuwa na kichwa. Alipofika miaka 14 alikuwa ameshaamua kuwa mhandisi, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Munich kwa msaada wa kulipiwa karo. Huko alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka 1879, wakati wa mtihani wa mwisho, akashikwa na homa ya matumbo, wenzake wakamaliza yeye akiwa kitandani. Hakukata tamaa. Aliufanya mtihani huo mwanzoni mwa mwaka 1880 na akapita kwa alama za juu kabisa.

Darasani kwa Linde ndiko alikopata wazo lililomsumbua maisha yake yote. Siku hizo viwanda viliendeshwa kwa injini za mvuke. Aliambiwa kwamba katika kila magunia kumi ya makaa yanayochomwa, injini ya mvuke hupata kazi ya gunia moja hivi. Joto la hayo mengine hupotea bure. Rudolf akajiuliza: je, haiwezekani kuunda injini isiyo na ubadhirifu namna hii?

Alikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nimpende. Injini ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, mali ya tajiri mwenye kiwanda. Seremala, mfumaji na mhunzi mdogo hawakuweza kuinunua, wakawa wanafunga karakana zao na kwenda kuajiriwa. Diesel alitaka injini itakayomfaa mtu mdogo, apate nguvu za mashine bila kuwa mtumishi wa tajiri. Baadaye, mwaka 1903, aliandika hata kitabu kuhusu jinsi wafanyakazi wanavyoweza kushirikiana na kumiliki kazi yao wenyewe.

Alipotoka chuoni alimfanyia kazi Linde mjini Paris kwenye mitambo ya barafu, na mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Alikuwa akifanya majaribio pembeni. Alijaribu injini ya kutumia mvuke wa amonia, nayo ikamlipukia nusura imuue. Akalazwa hospitali kwa miezi.

Kisha akaja na njia mpya. Kama umewahi kujaza upepo baiskeli, gusa pampu baada ya kupiga: utaikuta ina moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel akasema, tuibane hewa ndani ya silinda sana, ipate joto la zaidi ya digrii 500, halafu tunyunyize mafuta kidogo. Yatawaka yenyewe, bila kiberiti wala plagi. Mwaka 1892 akaomba hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akapewa mwaka 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumsaidia, pamoja na kampuni ya Krupp.

Injini ya kwanza ilijaribiwa Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kwa kishindo, chombo cha kupimia kikang'oka na kurushwa, karibu kimpige mwenyewe. Watu wangecheka, lakini yeye alifurahi manake alijua sasa kwamba mafuta yanawaka kweli. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijizungusha yenyewe kwa dakika moja hivi. Dakika moja tu! Akaendelea kurekebisha kwa miaka mitatu zaidi. Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima mbele ya mashahidi na kukuta inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi, zaidi ya mara mbili ya injini za mvuke za kawaida.

Pesa zikaanza kumiminika. Mfanyabiashara wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa mark milioni moja apate haki ya kuitengeneza kwao. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu, na baadaye Diesel akatabiri kwamba siku moja mafuta ya mimea yatakuwa na thamani kubwa. Mwaka 1912 meli kubwa ya Denmark, Selandia, ilivuka bahari kwa injini za dizeli.

Lakini wapi, lile lengo lake la mtu mdogo halikutimia akiwa hai. Shida ilikuwa jambo moja tu: namna ya kuingiza mafuta ndani ya silinda. Pampu za wakati ule hazikuwa na nguvu za kutosha, basi ikabidi mafuta yapulizwe kwa hewa iliyobanwa na kompresa. Kompresa hiyo ilikuwa nzito na kubwa. Injini ikafaa meli na viwanda, haikufaa gari.

Na yeye mwenyewe alikuwa anazama. Kesi za hataza zilimchosha, kichwa kilimuuma mara kwa mara, na pesa nyingi alizipoteza katika biashara ya ardhi. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, aende Uingereza. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo, akaingia chumbani. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuiacha maiti baharini. Mwanawe Eugen akavitambua kuwa vya baba yake. Wako wanaosema alijiua kwa sababu ya madeni, na wako wanaosema aliuawa. Alikuwa na miaka 55.

Sasa msomaji ataniuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Korbesa?

Yanatuhusu sana. Baada ya kifo chake wengine walimaliza ile kazi ya kuingiza mafuta. Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo yenye nguvu, isiyohitaji kompresa. Hapo ndipo ndoto ikatimia. Kwa miaka mingi fundi mwenye spana, bisibisi na akili angeweza kuifungua dizeli chini ya mgunga na kuifunga ikanguruma. Injini ya lori ikichoka, alitafuta nyingine, akaikaza, akaunga mabomba na waya mmoja au miwili, safari ikaendelea.

Halafu kompyuta ikaingia. Mwaka 1995 huko Japani lori lilianza kuuzwa likiwa na mfumo ambamo mafuta hukaa kwenye bomba moja yakiwa na shinikizo la zaidi ya mara 1,000 ya hewa tunayovuta, na kompyuta ndiyo inayofungua kila nozeli kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Leo injini za namna hiyo zimejaa. Hebu fikiria lori kuukuu linalopeleka mbuzi Isiolo na kurudi na unga. Injini yake imekufa, mwenyewe ananunua injini mpya kiasi iliyotoka kwenye gari jingine. Inakaa vizuri, imekazwa, betri ni nzima, lakini haiwaki. Kwa nini?

Nilimuuliza fundi mmoja, akanieleza kwa subira, nami nawapa kwa ufupi. Kompyuta ya injini bado inadhani iko kwenye gari lake la zamani. Inatafuta chipu ya ufunguo wa gari lile, haiioni, inadhani imeibwa na kukataa kutoa mafuta. Inatafuta sensa za giaboksi na za mwendo, hazipo, na hata ikiwaka inapunguza nguvu ili kujilinda. Kwa hiyo fundi hukagua kwanza umeme, maana malori mengi hutumia volti 24 na kompyuta nyingine zimeundwa kwa volti 12. Kisha huunganisha kompyuta yake, husoma yaliyomo na kuweka nakala kabla ya kugusa chochote. Ndipo anapoandika upya: swali la ufunguo aliondoe, giaboksi iliyopo aitambulishe, na namba za nozeli aziingize, kwa kuwa kila nozeli ina tofauti zake ndogo. Wakati wa kuandika, umeme usikatike hata kidogo, la sivyo kompyuta inaweza kufa papo hapo. Na asiongeze mafuta kwa tamaa ya nguvu: moshi mweusi ni hasara, na pistoni huyeyuka. Mwisho, namba ya injini mpya sharti ipelekwe NTSA iandikwe kwenye logbuku.

Mnaona? Ni swali lilelile la Diesel: mafuta kiasi gani, na yaingie wakati gani. Yeye alilijibu kwa hewa, Bosch kwa pampu, leo linajibiwa kwa hesabu zilizoandikwa ndani ya kisanduku. Tofauti ni kwamba spana peke yake haifungui kisanduku hicho. Asiyejua atavuta lori lake hadi mjini na kulipa atakachoambiwa, na mvua ikinyesha barabara ikageuka tope, unga na dawa vitachelewa kutufikia. Yaani mtu mdogo anarudi tena kuwa chini ya mwenye maarifa, hali ileile Diesel aliyotaka kuiondoa.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wanaosema fizikia na hesabu si za watu wa mifugo: hebu mfikirieni tena yule mtoto wa miaka 12 aliyetumwa ugenini peke yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukiinama sisi kwenye vitabu, siku moja lori litakufa hapa Korbesa na kufufuliwa papa hapa, na mikono ya mtoto wa hapa. Naweka kalamu chini.