Muyaka na Lugha ya Bao

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alizaliwa yapata mwaka 1776. Kwa tungo zake aliutetea utawala wa Wamazrui, akaishi hata akauona ukiangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Alifariki mwaka 1840. Husifika kwa kuyatoa mashairi msikitini na kuyafikisha sokoni. Hata bao alilitungia shairi, asione haya kutumia lugha ya barazani.

Basi, mwalimu mwanafunzi, uendapo mazoezini Kibaha au Kisarawe, usiwakemee watoto watajapo maneno ya bao. Waulize maana yake: kunamua ni kuingiza ubaoni kete ya mkononi, kutakata ni kucheza pasipo kula, kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele. Hapo somo la msamiati limekwisha kuanza.