Simeoni Nsibambi na Sanamu Isiyoonekana

Tukisikia neno sanamu wengi wetu tunawaza kinyago cha mti au hirizi kiunoni. Hivyo tuliviacha kwetu, tunasema, na moyo unatulia. Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa na kinyago nyumbani, lakini alikuwa na kitu cha kuacha.

Simeoni Nsibambi alizaliwa Buganda mwaka 1897, mtoto wa chifu. Alisoma Mengo na King's College Budo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha tiba cha Waafrika, kisha akawa afisa wa afya Kampala. Alikuwa na mali, cheo na heshima. Tena alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani.

Kitu kimoja alikitaka mno: kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi hiyo hakuipata, na ilimuuma. Katika maumivu hayo alitambua kwamba alikuwa ameiweka elimu ya ng'ambo mahali pa Mungu. Akaanza kumtafuta Bwana kwa njia mpya.

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, na ambaye wakati ule alikuwa amechoka na kukata tamaa. Mwafrika na mzungu wakakaa pamoja siku mbili, wakasoma Biblia na kuomba kama ndugu. Muda mfupi baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa anawauliza watu njiani kama wameokoka. Wengine walidhani amerukwa na akili. Lakini moto ule ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, na ndio huo wazee wetu waliouita Uamsho. Mdogo wake, Blasio Kigozi, aliutumikia huko Gahini hadi alipofariki mwaka 1936.

Miaka ya 1940 ugonjwa ukamfungia nyumbani. Asingeweza tena kusafiri kuhubiri. Hapo aliachilia hata huduma aliyoipenda, na watu wakawa wanamfuata nyumbani kwake kupata shauri na maombi. Aliishi hivyo miaka mingi, hadi kifo chake mwaka 1978.

Mimi ni muuguzi, na habari za afisa wa afya aliyeacha cheo zinanichoma. Sisi hapa Falls Church tumefika ng'ambo ile aliyoikosa yeye. Kuna miezi nilichukua zamu za ziada kila Jumapili, nikijiambia ni kodi ya nyumba na ada ya watoto. Siku moja nilipiga hesabu kwa uaminifu: kodi ilikuwa imelipwa, ada imelipwa. Zamu zile zilikuwa za nyumba kubwa niliyotaka ndugu zangu waione kwenye picha. Mwanangu alikuwa ameshazoea kulala bila mimi kumwombea. Nilikaa kwenye gari nikalia.

Sisemi kila mtu aache kazi. Kazi ni baraka, na wako wanaotutegemea nyumbani. Nsibambi hakuambiwa kwamba elimu ni dhambi, wala watoto wake hawakunyimwa shule: mmoja wao, Apolo, alikuwa profesa na Waziri Mkuu wa Uganda. Shida ni pale kitu kizuri kinapokalia kiti kisicho chake.

Wiki hii, kila familia ikae pamoja jioni moja, simu zikiwa kando. Tujiulize: ni kitu gani tukikikosa tutaona hata Mungu hatutoshi? Watoto nao wapewe nafasi ya kujibu, maana wao wanatuona. Kisha tukitaje kwa jina mbele za Bwana, tumrudishie kiti chake. Mimi nimeanza kwa kupunguza zamu mbili.

Bwana atusaidie. Amina.